Kiingereza cha Kaunta

Baba,

Barua zote nilizokuandikia nikiwa shuleni Bungoma zilianza na "natumai hujambo, mimi sijambo, shida ni sabuni tu." Hii siwezi kuianza hivyo. Ujambo wako sasa uko mikononi mwa Mungu, na sabuni siku hizi najinunulia. Basi naanza na habari yenyewe, maana wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Niko Kitale. Nimekaa kwenye meza ya pembeni hapa kwenye baa ya hoteli ya Korongo, bilauri nimezipindua juu ya kitambaa zikauke, na anayesimama kwenye kaunta yako siku hizi ni mimi.

Najua utakachouliza kwanza. Ndiyo, Mama anajua. Tulia nikueleze alivyojua na alivyosema, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu asubuhi hii kabla wateja hawajaanza kuingia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani Ndalu siku zako za mapumziko? Viatu vya kazi ulivivua mlangoni ukavaa akala zako, lakini Kiingereza hukukivua. Mama akipika uji, wewe ndiye wa kumimina, kitambaa begani, mgongo umenyooka, unatupitia mmoja mmoja: "Say when." Sisi tunauacha uji upande mpaka karibu na ukingo wa kikombe, ndipo tunapiga kelele, "When!" Ugali ukiisha kwenye sahani unainama kidogo na kuuliza, "Same again, sir?" Na mdogo wangu Wekesa, ambaye wakati huo hata vifungo vya shati lake alifungiwa, anakujibu, "Same again, please," kama mwenye shamba. Taa ikikaribia kuzimwa unatangaza, "Last orders!" na kila mtu anakimbilia mtungi wa maji. Watoto wa jirani walianza Kiingereza na kalamu na dirisha. Sisi tulianza na "this one's on the house," ya kinywaji cha bure. Nilifika darasa la tano kabla sijajua kwamba kuna watu duniani wanaozungumza Kiingereza na hawajashika chupa.

Na hukutufundisha ovyo. "What can I get you?" ni ya mtu aliyekwisha kukaa. Aliyesimama akitazama huku na huku unamwambia, "I'll be right with you," hata kama mikono yako yote miwili imejaa, ili ajue kwamba ameonekana. "Watu wengi hawana kiu," ulisema, "wanataka tu mtu aone wamefika." Siku hiyo sikukuelewa. Siku hizi naiona hiyo kila saa.

Mama alikuwa akisikia yote kutoka jikoni. "Hii si baa," alikuwa akisema, lakini alisema akiwa nusu anacheka. Kucheka kulikwisha ile siku ya mgeni wa kanisa.

Nikikumbuka nataka kujificha chini ya kaunta. Yule Mwingereza alikuja kufungua chumba cha watoto kanisani, na mwalimu wa Sunday school akauliza ni mtoto gani anajua Kiingereza cha kumkaribisha. Vidole vyote vikanielekea. Nikapewa thamosi na kikombe kizuri, nikamwendea na gauni langu la Krismasi, nikachagua neno ambalo uliwahi kutuchekesha nalo, la yule mzee mlowezi mteja wako wa zamani: "Good morning, sir. What's your poison?" Wenyewe wakisema hivyo wanauliza tu utakunywa nini. Lakini maneno yanataja sumu, na pasta wetu Kiingereza alikielewa. Niliona uso wake ukikauka.

Mgeni naye alikitazama kikombe cha chai nilichompa. Mimi nikadhani anaogopa, kama mgeni yeyote mwenye akili. Na kwetu Bungoma mgeni akiogopa kuna dawa moja tu: mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone hakuna kitu ndani. Sasa mwenye nyumba nilikuwa mimi. Nikachukua kikombe mkononi mwake, nikapiga funda kubwa, nikapangusa ukingo kwa gauni, nikamrudishia. "No poison, sir. Bottoms up," kama wanywaji wanavyohimizana kumaliza bilauri.

Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Pasta hakucheka. Akina mama wa kanisa wakageuka wote kumtazama Mama, na mmoja akauliza, kwa sauti ya kutosha, "Kwani huyu mtoto analelewa wapi?"

Jioni hiyo Mama alikuambia Kiingereza chako ukiache Kitale na walevi wako. Ulitii. Ulikuwa mtu wa kutii nyumbani. Ila tukiwa wawili nyuma ya ghala ya mahindi uliniambia, "Ile ya sumu tuwaachie wenyewe," halafu ukacheka peke yako mpaka ukashika ukuta.

Tangu hapo Mama akiulizwa unafanya kazi gani, jibu likawa moja: "Ako Kitale." Basi. Wengine wakadhani wewe ni karani wa mahindi, wengine wakadhani ni mlinzi. Hakudanganya hata mara moja. Alinyamaza tu, mwaka baada ya mwaka, na wewe ulikaa karibu naye kanisani ukiwa na tai, ukiimba sauti ya chini, kama mtu asiye na kazi yoyote.

Nikuambie juu ya mazishi yako, maana hakuna mwingine wa kukuambia. Watu walijaa. Mvua ilishikilia, haikunyesha. Lakini wasifu wako uliposomwa, ulizaliwa, ulibatizwa, ulioa, ulipata watoto, "alifanya kazi Kitale," halafu ukaugua, ukafia hospitalini Bungoma. Ilikuwa hivyo. Maisha yako yote ya kusimama yakapita kwa maneno matatu. Wenzako wa Korongo walikuwa wamekuja na mashati meupe yaliyopigwa pasi, na Mama Njoki, mwenye hoteli, akaifunga siku nzima kuja kukuzika, na hakuna aliyewaita waseme neno. Walikaa nyuma karibu na jiko. Niliumia, Baba. Niliumia kwa ajili ya kaburi lako na nikaumia tena kwa ajili ya yale mashati.

Baada ya hapo nilienda Moi's Bridge kupima mahindi kwenye duka la binamu. Kazi haikuwa mbaya. Vumbi lilikuwa jingi na mazungumzo hayakuwepo, mtu analeta gunia, unapima, anaenda. Nilikuwa huko Mama Njoki aliponipigia simu.

Unajua anavyoongea, moja kwa moja, kama wazazi wake waliotoka Nyeri wakaja kufyeka msitu eneo linaloitwa Kwanza. "Nasimiyu, nimejaribu wanaume wawili kwa hiyo kaunta. Mmoja anapiga maji kuliko wateja. Mwingine ananyamaza tu, watu wanadhani wamemkosea. Si wewe ndio ulikuwa unakuja likizo unasaidia baba? Kuja tu, ujaribu."

Niliposikia moyo uliruka. Kwenye mizani ningeweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye macho. Lakini kaunta, Baba, nimeijua tangu nikiwa nakunywa uji.

Nikaenda Ndalu kumwambia Mama. Alikuwa akichagua maharagwe. Hakuinua kichwa mpaka nikamaliza, halafu akasema polepole, "Nimeishi na mume niliyeshindwa kutaja kazi yake. Sasa ati nianze kuficha na mtoto? Msichana wa baa unajua anaitwaje. Ukisimama hapo, mukhana, binti yangu, usirudishe mguu wako hii boma."

 Maharagwe yakawa yanaanguka kwenye sufuria. Sikuweza kumwambia ati watu waseme wanavyotaka, kwa sababu watasema kweli, na watakaosema ni wale anaokaa nao kila Jumapili. Aibu ni yake kabla haijawa yangu. Lakini nilienda. Niliondoka alfajiri na begi moja, na Mama hakutoka nje kunisindikiza.

Simu unajua Wekesa alimnunulia. Nilimpigia kila Jumapili baada ya ibada. Inalia, halafu inakatwa. Nilikuwa nimepata kazi yako na nimempoteza mama wa watoto wako, na usiku nilijiuliza kama wewe ungekuwa hai ungenipongeza au ungenipandisha gari unirudishe.

Basi nikupe habari za hapa, usidhani ni machozi matupu. Mama Njoki alileta televisheni kubwa kwa ajili ya Kombe la Dunia na hakuiondoa. Vijana wanajaa siku za mpira. Hawaniiti "waiter," wananiita "madam," na wakiingia ni "Niaje madam, baridi mbili hapo." Nawajibu, "Poa. I'll be right with you," nao wanakaa chini wenyewe, wanapenda. Simu za mkononi ziko kila meza, kila mtu anapiga kelele kumwambia mkewe kwamba yuko benki. Chumba cha nyuma kimepakwa rangi ya kijani ambayo ungeichukia.

Na kuhusu chupa tupu ulisema kweli. Watu wetu hawataki ziondolewe. Zinakaa mezani zikijipanga, ili mtu ajue alipofika na jirani naye ajue. Wageni wa kutoka ng'ambo, wale wanaokuja kuona swara wa majini kule Saiwa, chupa tupu ikikaa mbele yao wanaona haya, wanaisukuma kando. Wiki ya kwanza nilimwondolea mzee mmoja kutoka Kwanza chupa zake, akaniita mwizi mbele ya watu. Ndipo nikakumbuka swali lako, lile linalowafaa wote wawili: "Shall I clear these, or shall I leave them?" Tangu hapo sijagombana na mtu. Kwenye bustani bado tunauza chai na mandazi, na wazee wa karibu na msikiti bado wanakaa pale kwenye kivuli baada ya sala ya alasiri. Mmoja wao aliniuliza habari zako bila kujua. Nilipomwambia, aliweka kikombe chini na hakukinywa tena.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi.

Ilikuwa baada ya mavuno. Mchana, jua kali, wateja wachache. Akaingia khocha Wafula. Kaka ya Mama, Baba, na wewe unajua khocha kwetu ni nani. Huyu ndiye aliyemvika Wekesa nyama shingoni siku ya kutahiriwa. Mtu wa aina hiyo ukimkosea umejifungia baraka zako mwenyewe. Alikuwa ametoka kuuza mahindi yake ya mwaka mzima kule Kwanza, kofia mpya kichwani, furaha imemjaa. "Mukhana wa dada yangu!" akaita kutoka mlangoni. "Kumbe hii baa sasa ni yetu!"

Nilimkaribisha. Nilifurahi, nisikudanganye. Alikuwa mtu wa kwanza wa nyumbani kuniona nikiwa kazini, na hakutema mate.

Alikunywa moja, akanywa nyingine. Chupa zikaanza kujipanga. Akaanza kusimulia mambo ya zamani, kisha akayasimulia tena. Vijana wawili wakahamia meza yake. Wakati anaunyoosha mkono kuchukua chupa na mkono unapita pembeni, nikajua tumefika pale pabaya. Na hapo ndipo aliposimama, akazungusha kidole juu ya baa nzima, akatangaza kwa Kiingereza chake cha zamani, "My round! Nasimiyu, reta ingine baridi, bana. Na hao wote, waretee!"

Vijana wakapiga makofi. "Mzee wa kazi! Buda, tuko na wewe!" Na wengine waliokuwa nje wakaanza kuingia, maana habari kama hiyo haihitaji simu.

Baba, niliutazama mfuko wa koti lake. Mfukoni mwake kulikuwa na mbegu, mbolea na karo, na nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini nimwambieje? Kwa Kibukusu chetu hakuna maneno ambayo msichana anaweza kumwambia khocha wake kwamba inatosha. Ningeyatafuta mpaka jioni. Kwa Kiswahili yapo, lakini yana makali, ni ya kumwambia mtoto au mlevi wa barabarani. Ndipo nikakumbuka nilivyokuuliza siku moja nikisugua bilauri, kwa nini mteja ni mtu wa kwetu, unajua hata ukoo wake, na bado ukitaka kumkatalia unageuza Kizungu. Ukaniambia, "Nikimwambia kwa lugha yetu, ni mimi mtoto wa fulani ninamwambia mzee wa fulani. Hapo nimemtukana. Nikimwambia kwa Kizungu, ni kaunta imesema. Na kaunta haina ukoo."

Nikakunja kitambaa. Nikatoka nje ya kaunta, kwa sababu ulisema maneno haya hayasemwi kwa mbali. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma, nikasema vile ulivyokuwa ukisema, kwa sauti ileile ndogo:

"I think we'll leave it there for now, sir. Can I get you something to eat?"

Vijana wakaacha kupiga makofi. Televisheni tu ndiyo iliyoendelea. Khocha akanitazama, macho mekundu. "Nasimiyu. Wewe unajua mimi ni nani?"

"Yes, sir."

"Unajua mimi ni nani kwako?"

"Yes, sir. The meat is very good today."

Nilikuwa nimeshikilia Kiingereza kwa mikono miwili. Ningeteleza neno moja tu la nyumbani ningepiga magoti na kumletea kreti nzima. Akaendelea kunitazama. Nikaona mdomo wake ukicheza, nikadhani ananilaani. Kisha akashika koti lake, akalinyoosha vizuri mbele, akakaa.

"Very well," akasema. "Reta nyama. Na ugari."

Vijana wakarudi kwenye mpira wao. Mimi nikageuka kwenda jikoni, na hapo nikamwona Mama.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa bustani, kitambaa cha kanisa kichwani, kikapu mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, ila tangu zamani ya kutosha. Baadaye nilijua alikuja kunichukua. Alikuwa amenitafutia kazi Bungoma, kwa rafiki yake anayeuza vitambaa, na alikuwa amejipa moyo wa kuingia baa kwa mara ya kwanza maishani mwake ili anitoe.

 Nina maneno ya kila mtu anayeingia pale, wewe ulinipa, lakini ya Mama hukunipa. Mwishowe nikasema tu, "Karibu, Mama."

Alinipita, akavuta kiti, akakaa mbele ya kaka yake. "Chai," akasema. Hakuniangalia.

Nikaleta chai, nikaleta nyama na ugali, nikasimama karibu nikijifanya napangusa meza ambayo ilikuwa safi. Khocha alikula kwanza. Halafu akaanza kucheka kidogo, peke yake.

"Huyu ni babake kabisa," akasema. "Sauti ni ile ile."

Mama akauliza, "Sauti gani?"

"Ya kuninyima. Wewe unadhani kila mwaka nikiuza mahindi nilikuwa nafika nyumbani aje? Ni miguu ilikuwa inajua njia? Shemeji alikuwa ananinyima. Nikikasirika, ananijibu kizungu. Sasa utapigana aje na mtu anakuita 'sir'? Nakula, nalala kwa kile kiti cha huko nyuma, ananipandisha gari la jioni, na kila kitu yangu iko mfukoni. Asubuhi bibi yangu ananishukuru, ati nimekuwa mtu mzuri." Akatafuna. "Hakukwambia?"

Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. "Hakuniambia," akasema.

"Hata mimi hakuwahi niambia. Mwaka unaofuata nikikuja, ananisalimia kama hakuna kitu nilifanya."

Nilitamani kuona uso wa Mama, lakini alikuwa ameuinamisha. Chai aliinywa mpaka mwisho. Aliposimama, alizungusha macho polepole, kwenye rafu, kwenye bilauri zilizopinduliwa, kwenye ile sehemu ya mbao iliyofifia ambapo viwiko vyako vilikaa miaka yote. Aliitazama hiyo kwa muda. Kisha akamshika kaka yake mkono. "Huyu nitaenda naye," akaniambia, na wakatoka.

 Kazi ya Bungoma hakuitaja. Nilienda stoo, nikakaa juu ya kreti, nikalia. Mama Njoki akaingia, akaniona, akatoka bila kuuliza. Akashika kaunta yeye mwenyewe mpaka nikanawa uso.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mwisho wake Wekesa akanipigia. "Mama amesema Jumapili ukuje kanisa. Usichelewe. Na ati uvae vizuri."

Nikajua wanataka kuniombea nitoke gizani. Nilishaona wakifanya hivyo kwa wengine, wanakuzunguka, wanakuwekea mikono kichwani, na ukirudi kwenye baa yako siku inayofuata unahesabiwa umempiga Mungu teke. Nilipanga hata la kujibu. Nilivaa ile sketi ya bluu uliyoninunulia nilipomaliza kidato cha nne, nikaenda, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Ulipofika wakati wa mahitaji ya maombi, Mama akasimama. Alishika benchi la mbele.

"Bwana asifiwe." Wakajibu. "Mnajua mzee wangu alikuwa Kitale. Mimi sikuwahi kuwaambia ni kazi gani. Alikuwa kwa baa. Alikuwa anauza pombe."

Baba, vichwa vyote viligeuka. Hata vya watoto.

"Ndugu yangu Wafula mnamjua. Ana shamba, ana boma, watoto wamesoma. Nimefunga na kuomba kwa ajili yake tangu nikiwa msichana, na nilikuwa nasema, Mungu amejibu. Sasa nimejua jibu lilikuwa linapitia wapi. Lilikuwa linapitia kwa ile kaunta, na mimi nilikuwa naionea haya." Akageuka akanitafuta benchi la nyuma.  "Mzee sikumtaja vizuri tukimzika. Mtoto nitamtaja. Nasimiyu, simama."

Nikasimama. Sijui nilisimamaje.

"Huyu ndiye amechukua hiyo kazi. Nataka mmwombee. Na mkimwombea msiseme ati 'popote alipo.' Mseme baa."

Akakaa. Pasta, yuleyule wa siku ya thamosi, alisafisha koo mara kadhaa. Nilimwona akiangalia dari, akiangalia Biblia. Kisha akafumba macho akasema, "Tumwombee dada yetu Nasimiyu, katika kazi yake," akameza mate, "ya baa." Na kanisa zima likasema amina. Mwingine alisema kwa shingo upande, nilisikia, lakini alisema.

Tulipotoka nje, mama mmoja alinivuta kando penye baiskeli, ni yule yule aliyewahi kuuliza nalelewa wapi. Akanitajia mumewe. Akasema huwa anafika Kitale kila mwisho wa mwezi, na kama siku moja ataingia pale kwangu, nisimwogope. "Umwambie kwa kizungu," akaninong'oneza. "Anapenda sana kuitwa sir."

Nimemwahidi. Na wewe pia nakuahidi, Baba. Atakayeingia kwangu ataonekana amefika, na atarudi kwa watu wake na kofia yake, mfuko wake na heshima yake. Nitakuja Ndalu siku zangu za mapumziko, Mama ameshatandika kitanda changu. Jana alinipigia yeye mwenyewe, kwa pesa zake, kuniuliza kama nimekula.

Naona mlango unafunguliwa, kuna mtu anatafuta pa kukaa. Lala vizuri, mzee wangu. Kaunta ina mtu.

Binti yako,
Nasimiyu